Sahani ya Chachu

Mizani ya hospitali ile inaongea. Unapanda, inanyamaza kidogo kama inatafuta maneno ya upole, halafu inautaja uzito wako kwa sauti ya mwanamke, na wote waliokaa kwenye ukumbi wanageuka kutazama ukuta. Mara ya kwanza nilimwambia muuguzi, hii mashine haina adabu, kwetu uzito wa mtu hautajwi mpaka afe na wabeba jeneza waanze kulalamika. Akacheka. Kuchekesha watu sina taabu nako. Mnene akiingia mahali bila mzaha wanamwonea huruma, na huruma mimi inanitia njaa.

Lakini nilikuwa nimechoka. Nilichoka kuvaa viatu, maana kuinama ni safari. Nilichoka kulala nimekaa, kwa kuwa nikilala chali pumzi zinakatika. Mimi kijana, magoti yangu ya babu. Sukari imenishika, na daktari akaniambia ikiendelea hivi itaanza na macho, kisha iende miguuni. Akasema dawa iliyobaki ni kupunguzwa tumbo: watakata kipande kikubwa, wakishone kilichobaki kiwe kama kifuko. Nikasema sawa, kateni. Akasema bado. Kabla ya kukatwa tumbo nikaonane na daktari wa mawazo.

Nilipomweleza mama alikuwa anapepeta mchele, ijapokuwa mchele wa huku Ulaya hauna hata punje moja ya mawe.

"Tumbo liko chini, kichwa kiko juu," akasema. "Wamekosea ghorofa?"

"Wanasema njaa yangu inaanzia juu."

"Kwani wewe mwehu?"

"Bado wanapima."

Akapepeta. Baadaye akauliza, "Na hilo watakalokata, wanalipeleka wapi?"

"Sijui. Wanatupa."

"Kitu cha mwili wa mchu hakitupwi," akasema. "Kinazikwa."

Hapo niwaeleze jambo moja, lisije likawapita. Sisi Wabajuni, pale nyinyi mnapotia *ta*, mara nyingi sisi twatia *cha*. Mtu kwetu ni mchu. Watu ni vachu. Na tatu ni chachu. Mimi nimesoma shule ya msingi kambini Kenya, nikajifunza kusema kama redio. Mama hakusoma na walimu wangu. Anaongea vilevile alivyoongea kisiwani kwetu Koyama, na ukimsahihisha anakuuliza, "Kwani hukunielewa?" Umemwelewa. Basi.

Daktari wa mawazo alikuwa dada mmoja mpole, mdogo wa miaka, anakaa kwenye kiti bila kukisikitisha. Mimi lugha yao najua ya kazini na ya dukani, ya mawazo sijui, kwa hiyo waliweka mkalimani kwenye simu, bwana mmoja wa bara, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Siku ya kwanza daktari alieleza ugonjwa wangu kwa maneno mengi ya taratibu, na bwana yule akayasikiliza yote, akayafupisha. "Anasema una maradhi ya ulafi."

Nikasema, "Mwambie shangazi zangu walishanipima bure."

Daktari alicheka, lakini lile neno lilinikaa. Mlafi ni mtu anayefurahi. Mimi sijafurahi chakula tangu sijui lini. Nilivyokula ni hivi: narudi kutoka kazini, kwenye ghala tunakochagua nguo kuukuu, nakula na mama chakula cha mchana kilichochelewa, nakula kiasi, kwa adabu. Halafu nakula sahani nyingine, nitawaambia ni ipi. Nikishamaliza hiyo ya pili ndipo mlango unafunguka. Nasimama jikoni, sikai, naanza mkate, naanza wali uliobaki chunguni, siagi, biskuti, tambi baridi na ndizi juu yake kama wanavyokula Kismayu. Sitafuni sana. Sisikii ladha. Nakula kama napakia chombo na watu wenye bunduki wako ufukweni. Naacha pale tumbo linapouma tu, na hata hapo sijashiba, nimezidiwa. Kisha naosha kila kitu, nakausha, narudisha, naenda kukaa sebuleni nampigia mama porojo mpaka acheke.

Daktari aliniambia waziwazi. Mtu anayekula hivyo akikatwa, mshono unaweza kupasuka, au kile kifuko kinatanuka anarudi alikotoka, na hali mbaya zaidi. Hawaniwekei tarehe mpaka mlango ule ufungwe na ukae umefungwa. Na macho yangu nayo hayangoji. Hayo ndiyo yalikuwa mambo yangu mwaka ule.

Akaniuliza, "Unaanza baada ya nini?" Nikafanya mzaha. Akaniuliza tena wiki nyingine, nikafanya mzaha mwingine, mzuri kushinda wa kwanza. Akaicheka yote miwili, halafu akasema, "Ningependa kuongea na mama yako, kama mtakubali."

Sasa niwarudishe nyuma, maana mkimsikia mama kabla hamjaijua Koyama hamtamwelewa.

Baba alikufa akizamia kamba-mawe baharini, mimi sijaota meno. Tuliobaki tulikuwa mama, kaka yangu na mimi. Kaka alinizidi sana, mimi mtoto wa mwisho wa mwisho, na yeye alikuwa anajifunza ufundi wa mashua. Nakumbuka mikono yake ilivyonuka sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka mbao. Alikuwa mrefu, mwenye njaa daima, na kila akitoka lazima aseme neno moja mlangoni: "Nibakishieni." Hata akienda msikitini tu. Mama anamwambia, "Chakula hakijapikwa," naye anasema, "Ndiyo, nibakishieni." Mama alikuwa na kawa la ukindu, analofunikia sahani ya kaka, na ole wangu nikilifunua.

Wakati huo vita vilikuwa vya zamani kwa wakubwa. Walishakimbia mara kadhaa, wakarudi. Mimi nilizaliwa humo, nilidhani kila nchi ina wanaume wanaokuja kwa mashua ya injini kuchukua samaki wako na nyavu zako kisha wanakuuliza unacheka nini. Kaka alikwenda Kismayu kununua misumari na pamba ya kukalafati, kuziba nyufa za mbao. Alisema atarudi kesho yake kabla ya adhuhuri. Mlangoni akasema neno lake.

Kesho yake ikaja habari kwamba mji umeshikwa na kundi jingine, wanapigana bandarini, na wengine wanakuja visiwani. Mama alikuwa ameshapika. Wali wa nazi na ng'onda, yule papa mkavu. Majirani walikuwa na chombo kinaondoka na maji, na maji hayamngoji mtu. Wakamwita mara ya kwanza, akasema anamngoja mwanawe. Wakamwita mara ya pili, wakamwambia huyu mdogo naye ni mwanao. Basi alipakua. Alipakua sahani moja, ya kaka, akaitia vipande vizuri vya papa, akaifunika kwa kawa, akaiweka pale pake. Nyingine hakupakua. Tukaondoka, mimi na yeye, bila kula. Tulimwachia wali.

Mpaka leo sijui kaka alifika wapi. Wapo waliosema walimwona kisiwani Kudha. Wapo waliosema yuko Mombasa ana mke. Mmoja alisema mengine, mama akamwomba aondoke nyumbani kwetu.

Kambini mgao ulikuwa unga, dengu na mafuta. Mama alichomoa nyuzi za magunia ya msaada akasuka kawa jipya, lina rangi za bendera za mataifa, na kila mchana akapakua sahani tatu. Yake, yangu, na ya kaka. Hatukuongea juu yake. Ilikaa pale mpaka baada ya alasiri, halafu mama anasema, "Chakula cha mchu kisilale. Mlie kakako." Mimi nikakaa nikakila. Ndiyo ilikuwa kazi yangu. Watoto wengine waliteka maji, mimi nilikuwa nakula badala ya mtu. Nilitania marafiki zangu kwamba nina ajira serikalini.

Tukaletwa huku Ulaya. Mama akaingia na kawa lake kwenye mkoba wa mkononi, bwana wa forodha akaligeuza geuza, akafikiri ni kofia. Na hapa kuna wali, kuna nyama, kuna kila kitu, kwa hiyo sahani ya kaka ikanenepa. Nami nikanenepa nayo.

Basi. Siku ya mama kwenda kwa daktari alivaa buibui jipya, akakaa wima na mkoba magotini. Daktari akanieleza kwamba leo mtoto hamfasirii mzazi, hiyo ndiyo kanuni yao, mkalimani atafanya kazi yake kwenye simu. Nikasema vizuri, nitapumzika.

Daktari akauliza, kwa upole wake: nyumbani, wakati wa chakula, mnapakuaje?

Mama akajibu, "Naweka chachu."

Kisha mkalimani akamwambia daktari kwamba mama anatia chachu, ile hamira.

Daktari akainua macho. "Kwenye chakula gani?"

"Mama," akasema bwana wa simu, "hiyo chachu unaiweka kwenye nini?"

"Kwenye meza," mama akasema.

Bwana yule alikohoa. Akamwambia daktari, anaiweka mezani.

"Kila siku?"

"Kila mchana."

Mimi nilikuwa nimeshaanza kujizuia. Daktari alikuwa anaandika kwa bidii, nadhani aliona ameshagundua kwa nini mimi naumuka. Akaomba mama aulizwe kwa nini.

Mama akamtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini jua linachomoza. Akasema polepole, ili yule wa kwenye simu aelewe, "Kwa kuwa ni vachu vachachu."

"Anasema," mkalimani akatoa sauti ya mtu aliyekata tamaa, "kwa sababu wao ni watu wachachu."

Hapo nilicheka. Nilicheka kiti kikalia, machozi yakanitoka, mama akanipiga paja kwa nyuma ya mkono, "Una nini wewe?" na mwenyewe mdomo unamcheza. Nikamwambia daktari mwenyewe, kwa lugha yao, nikaivunja kanuni. "Tatu. Anasema tatu. Anaweka sahani tatu, kwa sababu ni watu watatu."

Daktari naye akacheka, akafuta alichoandika. Halafu akatazama karatasi zake za juu, zile nilizojaza siku ya kwanza, zinazouliza unaishi na nani.

"Lakini hapa mko wawili," akasema. "Wa tatu ni nani?"

Bwana wa simu akatafsiri. Safari hii alitafsiri sawasawa.

Mama aliufungua mkoba, akaufunga. Mimi nilitafuta mzaha. Nawaapia nilitafuta, na kwa mara ya kwanza sikuukuta mahali pake. Nikasema ni kaka yangu. Akauliza yuko wapi. Nikasema hatujui. Akauliza, basi chakula chake huliwa na nani?

Sikuhitaji mkalimani kujua mama ameelewa swali. Alinitazama, akanitazama mwili mzima, kama aliyekuwa ananipita kila siku mlangoni na leo ndiyo ameniona.

Tulingoja basi kwenye baridi. Mama hakai kwenye vile viti vya chuma, anasema vinatia mafua ya mifupa. Akaniambia huku amesimama, anatazama barabara.

"Kule kambini ulikuwa huli."

"Mimi?"

"Wewe. Ulikuwa unanitazama sahani yangu. Ukiniona sina, unasema umeshiba. Mtoto mdogo, mbavu zinahesabika, umeshiba. Nikikutilia yangu unairudisha."

"Sikumbuki."

"Nakumbuka mimi. Nikaona yangu unakataa, ya kakako hukatai. Ukiambiwa mlie kakako unakula mpaka punje."

Basi likaja, halikuwa letu, likaenda.

"Kwa hiyo ile ilikuwa sahani yako," nikasema.

"Ilikuwa chakula," akasema mama. "Sahani ya mchu ni ile ya Koyama. Zile za kambini zilikuwa zako wewe, baba."

Nilihesabu alikuwa anakula nini yeye, nikaiacha hesabu njiani. Kisha nikauliza lile lililokuwa limebaki. "Na huku? Huku chakula kimejaa, na mimi mbavu zangu haziwezi kuhesabiwa hata na mashine. Mbona hukuacha?"

Alifikiri mpaka basi letu likafika, mpaka tukapanda, mpaka akapata kiti cha dirishani.

"Alisema nibakishieni," akasema.

Daktari alikuwa amenipa mambo ya kufanya. Nile nimekaa. Nile na mtu. Nisiruke mlo, kwa kuwa anayejinyima asubuhi huja kulipiza mchana. Nikisikia mlango unafunguka nitoke jikoni, nimpigie mtu simu, nitembee mpaka kwenye kona nirudi. Yote niliyafanya, yalikuwa magumu lakini yanafanyika. Moja halikufanyika. Kila mchana sahani ya kaka ilikuwa pale, chini ya kawa la rangi za mataifa, na baada ya alasiri mama hasemi tena mlie kakako, maana ameshaelewa, lakini pia hanyanyui. Na mimi sinyanyui. Tunakaa wawili tunaitazama kama wakwe waliogombana. Ikifika karibu na magharibi mmoja wetu anainuka kufanya kitu kingine, na mimi najua chakula cha mtu kisilale. Naila. Baada ya hapo mkate.

Nilimwambia mama, tuwape majirani. Akasema majirani si kaka yako. Nilimwambia, iweke ndogo. Akasema kakako alikuwa hashibi kidogo, hukumbuki? Sikukasirika. Nilikuwa nimechoka hata kukasirika.

Mchana mmoja alikuwa anatengeneza samaki kwenye sinki, mgongo kwangu. Akasema, kana kwamba anaendeleza maneno, "Lile kawa la Koyama lilikuwa na tundu."

"Kawa lipi?"

"La ukindu. Nililofunikia. Ubavuni lilikuwa na tundu, mkono unapita. Nilikuwa nataka kulishona, kila siku nasema kesho."

Akakwangua magamba.

"Paka amekula," akasema. "Siku ileile. Hatujakipita hata kisiwa cha Chula."

Miaka yote wali ule ulikuwa unamngoja mwenyewe. Mbele ya watu tulisema huenda amekula akatufuata akatukosa, huenda amekula akalala, lakini wali ulikuwa wake. Sasa mama, kwa mdomo wake, kisu mkononi, ameutoa akampa paka.

Akamaliza samaki, akanawa. "Tumsomee," akasema.

Hatukuwahi kumsomea kaka hitima, kisomo cha marehemu. Humsomei hitima mtu uliyemwekea chakula.

Wabajuni wa mji huu hawajazi hata chumba cha darasa, lakini kwa hitima walikuja wote, na Waswahili wa Mombasa, na mama wa Kisomali wa ghorofa ya chini na sinia la sambusa. Maalimu akasoma, wanaume wakasoma majuzuu yao, wanawake ndani. Mama alipika pilau. Niligawa mimi, nikapeleka masinia, na mzee mmoja wa Darakasi, ambaye kejeli ndiyo chai yake, akasema, "Leo mnene anagawa. Semeni shahada, kiama kimefika."

"Kaa vizuri, mzee," nikamwambia, "nakuwekea mfupa."

"Nakujua. Utanipa mfupa, nyama ukaile mlango wa nyuma."

Wakacheka, nami nikacheka, kumbe amegusa palepale. Nikakaa kwenye sinia lake, wanne sisi. Mnajua sinia lilivyo. Kila mmoja anakula mbele yake, na anayeshiba ananawa, anawaachia wenzake. Mimi tangu nizaliwe sijawahi kunawa wa kwanza. Mimi ndiye wa kufagia, wa kuambiwa baraka iko chini, imalize. Siku hiyo nilikula polepole, nikatafuna, nikasikia iliki, nikasikia bizari, nikasikia kwamba mama kazidisha chumvi kidogo. Pilau bado imejaa sinia. Nikajisikia nimetosheka. Sikuwa na hakika, maana hali hiyo siijui sana, lakini nikainuka nikanawa.

Yule mzee akasimamisha tonge hewani. "Unaumwa?"

"Naumwa, mzee. Ndiyo natibiwa."

Hakutania tena. Alisogeza nyama upande wa wengine, akasema kwa sauti ya chini, "Mungu akuondolee," na hapo ilinibidi kwenda jikoni haraka, nikajifanya natafuta maji.

Kesho yake mama alipakua sahani tatu. Mkono una mazoea yake. Akaitazama ya tatu, akairudisha chunguni kijiko kwa kijiko, akaosha sahani ile ijapokuwa haikuliwa, akaifuta, akaiweka kabatini chini kabisa. Kawa akalitundika ukutani. Wageni wanaliuliza, tunasema ni pambo.

Msidhani mambo yakanyooka. Kulikuwa na mchana nilirudi kutoka ghalani mbavu zinauma, mama yuko kwa wenzake, nikasimama jikoni nikala mkate mzima na sijui nini tena, na nilipomaliza sikumpata hata wa kumsingizia. Siku hizo nilijua kabisa ni mimi ninayekula. Nilimwambia daktari. Alisema ndivyo huanguka mtu anayejifunza kutembea, akauliza kesho yake nilikula nini. Nikasema chai na mandazi, nimekaa. Akasema, basi. Taratibu zile siku mbaya zikaanza kuachana, zikawa kama wageni wa mbali, wanakuja lakini hawalali.

Mwishowe tukaitwa tena, mimi na mama, mbele ya daktari wa mawazo na yule wa kisu. Mkalimani wa simu alikuwa bwana yuleyule wa bara. Nilimtambua kwa kikohozi. Daktari akamuuliza mama swali lake la zamani, nadhani kwa makusudi. Nyumbani siku hizi unaweka sahani ngapi?

"Mbili," mama akasema.

Mbili ni mbili kwetu na kwenu. Bwana wa simu akalipokea neno kwa shukrani, akalipitisha.

Yule wa kisu akafungua kompyuta, akaniwekea tarehe. Akaeleza watakavyokata, nitakavyokunywa supu kwa kijiko, kwamba nitakula kiasi cha kisahani cha kahawa maisha yangu yote. Nikasema paka wa Koyama alikula zaidi ya hapo. Hakunielewa, mama alinielewa, akanifinya. Daktari akauliza kama tuna swali.

Mama akasema analo. Lile litakalokatwa, linakwenda wapi?

Daktari akasema linateketezwa, kwa usafi kabisa, tusiwe na wasiwasi.

"Nalitaka," akasema mama.

Nikaona uso wa yule daktari nikaingilia, nikasema ni dini yetu, kitu cha mwili kinazikwa, tutalitafutia nafasi pembeni ya makaburi na kibao: hapa limelala tumbo, mwenyewe yuko njiani. Daktari wa mawazo akacheka, wa kisu akatabasamu, akasema ataulizia kama kanuni zinaruhusu.

Mama hakucheka. Aliisogelea simu pale mezani, kama mtu anayemsogelea mzee asiyesikia vizuri.

"Mwambie," akasema, "nina mwana sikumzika. Hili nitalizika."

Bwana wa bara akalitafsiri, neno kwa neno, na hakukosea.